MAMBO YA NYUMBANI: Jiko la Kuchomea Nyama na Uchafu Uliojificha

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Leo twapenda kuzungumza juu ya chombo ambacho wazee wetu hawakukijua, nacho sasa kimeingia katika nyua nyingi za Waislamu: jiko la gesi la kuchomea nyama. Wazee walichoma mishkaki yao juu ya makaa katika seredani, na walipomaliza walimwaga jivu, kazi ikaisha. Jiko la gesi lilianza kutengenezwa kule Chicago, Marekani, katika miaka ya 1950, na toka huko likasambaa duniani. Leo utaliona Mombasa na Dar es Salaam, utaliona Muscat, na utaliona kwa jamaa zetu waliohamia London na Toronto. Tena mitungi ya gesi itazidi kuwa mingi majumbani. Huko Tanzania serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati hiyo. Hili ni jambo la heri kwa mapafu ya mama zetu na kwa misitu yetu. Lakini kila neema ina haki yake, na haki ya jiko la gesi ni kutunzwa.

Siku ya Idd ya Kuchinja moshi mzuri hupanda kutoka kila ua. Nyama huchomwa, wageni hula, maskini hupewa fungu lao. Kesho yake wavu wa jiko hupitishwa brashi mara mbili tatu, kifuniko hupanguswa mpaka king'ae, kisha jiko hufunikwa turubai na kusahauliwa hadi sherehe nyingine. Kwa macho jiko hilo ni safi. Kwa hakika si safi hata kidogo. Uchafu wa jiko hili umegawanyika sehemu mbili: uko unaoonekana, nao huchukiza tu, na uko uliojificha, nao huua. Watu wengi husugua ule wa kwanza na kuuacha ule wa pili. Neno tunalotaka kulisema leo ni hilo moja: anza na kisichoonekana.

Asidhani msomaji kwamba jambo hili ni dogo, la jikoni tu, lisilohusu dini. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliwaambia watu kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime kabla ya kulala. Naye Jabir bin Abdullah (r.a.) amepokea onyo jingine la Mtume (s.a.w.), kwamba panya aweza kuuburura utambi wa taa na kuwaunguza wenye nyumba. Habari hizi zimo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Yatupasa tuzingatie: yule aliyetufundisha sala na saumu hakuona ni jambo dogo kututahadharisha na utambi na panya. Kuilinda roho ni katika makusudio ya sharia yetu.

Na wengi wetu twakumbuka msiba wa Mina. Tarehe 15 Aprili 1997 mahujaji walikuwa wamekusanyika katika mahema kabla ya kwenda Arafa, moto ukazuka, ikaelezwa kuwa ulianzia katika majiko ya gesi ya kupikia. Upepo ukauchukua kutoka hema hadi hema. Mahema yapatayo 70,000 yaliteketea, na kwa hesabu ya serikali ya Saudia mahujaji 343 walifariki. Baada ya hapo yalijengwa mahema yasiyoshika moto kwa urahisi, na majiko ya gesi yakapigwa marufuku humo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa. Wao walikuwa katika ibada iliyo kubwa, na bado moto haukuwachagulia. Basi na sisi tusitegemee nia njema peke yake. Tufunge ngamia kwanza, kisha tutawakali.

Sasa tutazame mahali patatu ambapo uchafu hujificha.

Mahali pa kwanza ni chini ya jiko. Nyama ichomwapo, shahamu yake huyeyuka na kudondoka. Sehemu huungua pale pale, na sehemu huteremka hadi katika trei iliyowekwa chini kukinga mafuta. Hapo hupoa na kugandamana, safu juu ya safu. Siku moja jiko likawashwa kwa moto mkali, mafuta yale ya zamani hupata joto la kutosha na kushika moto yenyewe. Moto wa shahamu si kama moto wa gesi, kwa maana ukiifunga gesi, shahamu yaendelea kuwaka. National Fire Protection Association, chama cha Marekani kinachoshughulikia kinga ya moto tangu mwaka 1896, hutaja kuacha kusafisha kuwa miongoni mwa sababu kubwa za moto unaotokana na majiko haya. Kwa hiyo trei na imwagwe kila baada ya kuchoma, likishapoa jiko, wala isingojwe ijae. Shahamu hiyo usiimwage katika bomba la maji machafu, kwani itagandia humo. Ifunge katika karatasi au mfuko, uitupe pamoja na taka. Kisha kwangua kuta za ndani za jiko kwa kipande cha ubao au mwiko wa zamani, na uioshe trei kwa maji ya moto na sabuni.

Shahamu hiyo ina ubaya wa pili: huwaita panya. Panya akija kwa ajili ya mafuta, huutafuna na mpira wa gesi ambao nao umepakaa mafuta. Zamani alikuwa akiburura utambi, leo hutoboa mpira. Adui ni yule yule, na dawa ni ile ile.

Mahali pa pili ni vichomeo, yaani yale mabomba yenye vitundu yatoayo moto. Gesi kabla ya kufika katika vitundu huvuta hewa kupitia uwazi ulio mwanzoni mwa bomba. Hewa ikitosha, moto huwa wa buluu, umetulia, na hauna masizi. Ukiona moto ni wa manjano, warukaruka na kutia masizi katika nyama, ujue kuwa hewa haitoshi au vitundu vimezibwa. Mara nyingi mkosaji ni mdudu. Buibui hupenda kutanda katika mabomba membamba, na nyigu wa udongo hujenga humo kiota chake. Msomaji asicheke: mwaka 2011 kampuni ya magari ya Mazda ililazimika kuyaita maelfu ya magari yake huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wakitanda katika bomba la hewa ya tangi la mafuta. Bomba la kichomeo likizibwa, gesi hurudi nyuma, hutokea pale isipotakiwa, na moto huweza kuwaka chini ya mkono wa mpishi.

Basi angalau mara mbili kwa mwaka, na kila mara jiko lilipokaa muda mrefu bila ya kutumiwa, vitoe vichomeo. Pitisha ndani ya bomba waya mwembamba uliofungwa kitambaa, au brashi ndefu ya chupa. Vitundu vizibue kimoja kimoja kwa waya ulio mwembamba kuliko kitundu, wala usikipanue, kwani kitundu kilichopanuka huharibu kipimo cha moto. Ukivisugua kwa brashi, sugua kwa upana wa bomba, si kwa urefu, ili uchafu usisukumwe katika vitundu. Kama umetumia maji, vikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha.

Mahali pa tatu ni mpira na kifungio cha kichwani mwa mtungi, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Hapa uchafu wenyewe si mkubwa, lakini ndipo hatari ilipo kubwa kupita kote. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje huwa lita 250 hivi za gesi. Nayo ni nzito kuliko hewa: propani kwa kadiri ya mara moja na nusu, butani mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikapeperuka, bali huteremka, ikatambaa sakafuni kama maji, ikajaa uvunguni, katika mashimo na katika vyumba vya chini. Haina harufu kwa asili yake. Ile harufu mbaya tuijuayo hutiwa makusudi ili tuonywe. Hii ni rehema, na mwenye kuinusa akapuuza amelipuuza onyo.

Kupima ni rahisi. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo mpaka ifanye povu. Funga koki zote za jiko, kisha fungua gesi mtungini. Paka povu juu ya mpira wote, toka mwanzo hadi mwisho, na juu ya viungo vyote. Likifura povu mahali, hapo pavuja. Funga gesi mara moja, wala usitumie jiko mpaka pametengenezwa. Kamwe usipime kwa kiberiti. Fanya hivi kila ubadilishapo mtungi. Mpira uliopasuka, uliokauka au ulioguguliwa haufungwi gundi wala utepe, hubadilishwa. Na ule unaoonekana mzima usivuke muda uliochapishwa juu yake na mtengenezaji. Mpira mpya una bei, lakini ni kidogo kuliko kitambaa cha sanda.

Na ukinusa gesi ndani ya nyumba, usiwashe taa wala usiizime, kwani cheche ndogo ya swichi ya umeme yatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje, kisha umwite fundi. Mtungi wenyewe na usimame wima siku zote, nje penye hewa, mbali na jua kali, wala usiwekwe chini ya ngazi au uvunguni mwa kitanda.

Tukishamaliza yaliyojificha, sasa turudi kwenye wavu. Ukimaliza kuchoma, na trei ikiwa haina mafuta mengi, acha moto uwake dakika 10 hivi ili mabaki yawe makavu, kisha zima gesi mtungini kwanza, uache moto ufe wenyewe, halafu ufunge koki za jiko. Wavu ukiwa umebaki vuguvugu, usugue. Hapa twatoa onyo juu ya brashi za waya wa chuma. Nyuzi zake huchomoka, hukaa juu ya wavu bila ya kuonekana, zikaingia katika nyama na katika koo la mlaji. Mwaka 2012 idara ya afya ya Marekani iitwayo CDC ilitangaza habari za wagonjwa waliochomwa na nyuzi hizo shingoni na matumboni, na baadhi yao walipasuliwa. Bibi zetu walikuwa na kitu bora: kumbi la nazi. Sugua kwa kumbi na maji ya sabuni, au kwa nusu ya kitunguu kilichochomekwa katika uma, kisha pangusa kwa kitambaa kibichi na uutazame wavu mwangani. Dawa kali za magadi zisipakwe katika sehemu za alumini, kwani huila. Nasi tukaao pwani tujue kuwa hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Kwa hiyo wavu ukishakauka upakwe mafuta ya kupikia, upako mwembamba tu, kabla ya kufunikwa.

Liko na jambo la twahara, ambalo wasomaji walioko Ulaya na Marekani hulihitaji zaidi. Huenda mtu akanunua jiko lililokwisha kutumiwa, au akakuta jiko la watu wote katika bustani, nalo limechomewa nguruwe. Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vyombo vya watu wapikao nguruwe humo, naye akamfundisha kuwa akipata vinginevyo asivitumie, na asipopata avioshe kisha atumie. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea mwambao wetu, najisi hii huondolewa kwanza yenyewe, kisha mahali hapo paoshwe mara 7, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara. Wako maulamaa wa madhehebu mengine wanaoona kuosha mpaka kuiondoa kabisa kwatosha. Lakini asidanganyike mtu akadhani kuwa kuliwasha jiko kwa moto mkali kwatosha kulitwahirisha. Kwa Mashafii moto hautwahirishi. Wavu, mabamba, trei, kuta, vyote vioshwe. Na hapa tena uchafu uliojificha ndio ulio mgumu. Kadhalika angalieni zile brashi za kupakia mafuta na viungo juu ya nyama: nyingi zenye nywele za asili hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Nunueni za silikoni, nazo pia huosheka vizuri zaidi.

Ama wakati wa kuwasha, kumbuka mambo machache. Jiko liwe nje, mbali na paa la makuti, mapazia na kamba za nguo. Lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kifuniko kifunguliwe kabla ya kuwasha, ili gesi isikusanyike chini yake ikalipuka usoni. Likikataa kuwaka, funga gesi, ungoje dakika 5, ndipo ujaribu tena. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji, kwa kuwa maji hugeuka mvuke kwa ghafula na kuyarusha mafuta yanayowaka juu ya watu. Funga gesi ikiwa waweza kufika bila ya hatari, funika kifuniko, au tupia mchanga mkavu. Ndoo ya mchanga na iwe karibu daima, na watoto wawe mbali.

Limebaki swali moja: ni nani alisafishe jiko hili? Katika nyumba nyingi mwanamume ndiye achomaye. Yeye husimama mbele ya wageni na kijiti mkononi, yeye husifiwa kwa utamu wa mishkaki. Na wageni wakishaondoka, jiko lenye shahamu huachiwa mama au binti aliyeshinda kutwa akikata nyama na kusaga viungo. Hili si sawa. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa sala akatoka kwenda kusali. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kuwatumikia watu wake, kijana wa leo aona haya gani kumwaga trei ya mafuta? Kanuni na iwe hii: aliyewasha ndiye asafishaye. Tena iko hekima ndani yake, kwani mwenye kusafisha kwa mkono wake ndiye huujua mpira uliopasuka na kichomeo kilichozibwa kabla havijaleta msiba.

Enyi vijana, jifunzeni kazi hii, na muifanye bila ya kungoja kuamrishwa. Kazi yote tuliyoieleza haizidi saa moja. Nayo ni sadaka kwa wazazi wenu, ni haki ya jirani ambaye ukuta wake umeshikana na wenu, na ni amana kwa mgeni mliyemwalika ale kwenu kwa salama. Kifuniko king'aacho husifiwa na wageni. Trei iliyomwagwa na mpira uliopimwa hakuna azionaye ila Mwenyezi Mungu, na hiyo yatosha kuwa sababu ya kuzitunza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na moto wa dunia, na atuepushe na moto wa Akhera. Amin.

Wassalaamu alaykum.